Kijiti cha Ufagio Sikioni mwa Sajenti Nsimire

Nilikosea tangu siku ya kwanza, na ni haki nianze na kosa hilo. Sajenti Nsimire alipohamia nyumba iliyopakana na yetu hapa Nyalukemba, mjini Bukavu, niliona katika kila sikio lake kipande cha kijiti cha ufagio, kifupi kama ukucha, kimepita katika tundu ambamo wanawake wengine huvaa dhahabu. Nikahukumu papo hapo. Nilijiambia kwamba huyu ni mwanajeshi aliyeacha kuijali sura yake, na nilimhurumia kwa ile huruma ya mbali ambayo haimgharimu mtu kitu.

Nilipomwambia mke wangu, Gisèle, alicheka hadi akaweka chini sahani aliyokuwa akiifuta.

“Papa Akili, weye na masomo yako yote! Ile kijiti ni kusudi matundu isifunge. Kule kambini herini ni kukatazwa. Ungoje siku ya yenga, utaona.”

Nikangoja Jumapili. Nsimire alitoka kwenda misa amevaa kitenge cha kijani, na masikioni, badala ya vijiti, vilining'inia viherini vidogo vyenye umbo la tone la maji. Jumatatu asubuhi alirudi katika gwanda na vijiti vyake. Nimefundisha sosholojia miaka kumi na minane, na bado sikuwa nimetambua jambo ambalo kila mwanamke wa mtaa wetu alilijua.

Kidogo kidogo alitueleza maisha yake, akiwa ameegemea ukuta wa ua wetu. Alizaliwa Nyantende, katika nyumba ya wakulima. Alipotimiza juma moja, mama yake alimtoboa masikio kwa sindano na uzi mweusi. Mama huyo alifariki Nsimire akiwa na miaka tisa. Msichana alilelewa na shangazi, Marcelline, akamaliza shule, na alipofika miaka ishirini akajiandikisha jeshini, ambako walimfundisha kazi ya redio. Kwa miaka kumi na mitatu alisikiliza sauti za watu waliokuwa milimani, vipokea sauti vimembana masikio, na katika miaka hiyo yote vijiti vya ufagio havikumpungukia.

Mwezi wa pili mwaka 2022, kambi yake ilipata ajida mpya wa kusimamia nidhamu, jina lake Bisimwa, mtu wa kanuni. Katika ukaguzi wa asubuhi alisimama mbele ya Nsimire, akainamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama punje, akasema, “Kijiti ni herini ya maskini. Toa.” Akatoa. Wanawake wote kumi na wanane wa kambi wakatoa.

Baada ya majuma mawili Nsimire alibisha mlangoni petu, nami nikamwona, kwa mara ya kwanza, akiwa na hofu.

“Papa Akili, unisaidie. Nataka uniandikie barua kwa mon colonel.”

“Barua ya nini, Sergent?”

Alishika ncha ya sikio lake la kushoto. “Hii imeanza kufunga. Jana nimepitisha sindano, imekataa. Sina hata picha moja ya mama. Niko na haya matundu tu, yeye njo alinifanya na mikono yake.”

Niliketi mezani siku hiyohiyo, na nakiri kwamba niliandika kwa raha kubwa mno. Kurasa tano. Nilianza na usawa mbele ya sheria, nikapita katika historia ya mapambo, nikagusa saikolojia ya askari, nikahitimisha kwa tanbihi sita. Nilipoisoma kwa sauti, Gisèle alisinzia. Nilidhani amechoka.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili: sajenti aje, na aliyeandika aje naye. Nilivaa koti langu la mahafali.

Kanali Nathanaël alikuwa mwembamba, mwenye mvi, na barua yangu ilikuwa chini ya kikombe chake cha chai. “Prof,” alisema, “nimefika ukurasa wa pili, macho ikakataa. Samahani. Sergent, sema weye.”

Ajida Bisimwa, aliyesimama kando ya dirisha, alidakia kwanza. “Mon colonel, kitu chenye kung'ara kwa kichwa ya askari? Adui ataona kutoka kilima ingine!”

“Mon adjudant,” Nsimire akajibu, akiwa bado amesimama wima kwa heshima, “buti zako unazipiga cirage mpaka mutu anajiona ndani. Adui hana macho ya chini?”

Kanali alikohoa ndani ya kikombe. Lakini Bisimwa hakuwa mjinga, na sehemu ya pili ya hoja yake ilinitikisa hata mimi. Alisema amewahi kuona kofia ya chuma ikivuliwa kwa haraka na pete ya sikio ikabaki imenasa kwenye kamba. “Damu, mon colonel. Mimi njo niliifunga ile sikio.” Katika kurasa zangu tano sikuwa nimeandika hata neno moja juu ya kofia ya chuma.

Nsimire alikubali kwa kichwa. “Mon adjudant iko na haki. Zenye kuning'inia, mimi mwenyewe nitazikatala.” Kisha akaomba ruhusa, akachukua vipokea sauti vya redio vilivyokuwa juu ya kabati, na kutoka mfukoni akatoa kipini kidogo kilicholala bapa, akakisukuma katika sikio la kulia lililokuwa bado wazi. Akavaa vipokea sauti, akavivua kwa nguvu, akavaa, akavua, mara kumi. Kofia ya chuma ya Bisimwa ilikuwa mezani. Akaiomba pia, akaivaa, akaivuta kwa ukali hadi nikakunja uso. Sikio halikuguswa. Bisimwa mwenyewe akamsogelea, akachunguza, akanung'unika, “Hii haikamati.”

Kanali alisogeza kikombe chake kando.

“Sikieni,” alisema. “Jeshi hatujue herini ya mutu mumoja mumoja. Kwa défilé, ile gwaride ya huit mars, siku ya wanawake, bote kumi na munane sawasawa, aina moja, rangi moja, ao hakuna mutu. Kubwa isipite punje ya mutama. Ikienda vizuri, nasaini note ya kambi nzima. Nikiona sikio moja tofauti, section yako inabaki kambini, na weye unatoka kwa redio unaenda dépôt kuhesabu maharagi. Umeelewa?”

“Nimeelewa, mon colonel.”

Tulipofika langoni nilimwambia kwa unyonge kwamba zimebaki siku sita, na kwamba hakuna duka Bukavu lenye jozi kumi na nane za vipini vinavyolingana. Alikuwa tayari anakimbia kutafuta pikipiki ya kwenda Nyantende.

Sijawahi kuishi siku sita za namna ile. Marcelline, yule shangazi, alikuja kesho yake asubuhi amevaa bangili nzito ya shaba mguuni, aliyoachiwa na nyanya wa Nsimire. Aliketi kwenye kiti changu, akanyoosha mguu juu ya kigoda, akaagiza sabuni: bangili itoke, iyeyushwe, iwe vipini.

“Shangazi, ile ni ya nyanya,” Nsimire alisema kwa sauti ndogo. “Sikukuja kukuomba ile.”

“Nyanya yako hakukuwa na masikio makumi tatu na sita, lakini angependa masikio ya namna ile. Vuteni! Mguu wangu umechoka na uzito.”

Tulivuta, mimi, Gisèle na Nsimire, povu likiruka hadi kwenye vitabu vyangu. Bangili ilipotoka sote tulianguka nyuma kwa pamoja, na Marcelline akacheka hadi machozi.

Tuliipeleka kwa Hadji Assani, sonara wa mtaa wa Nguba, ambaye babu zake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani na ambaye bado anasema Kiswahili kana kwamba wamefika juzi. Aliigonga bangili kwa kucha, akasikiliza. “Shaba ya kale hii, binti yangu. Haitakuwa na haya mbele ya dhahabu.” Akaiyeyusha, akaivuta kuwa uzi kwa kuipitisha katika bamba la matundu, tundu moja dogo kuliko jingine, akakata vipande, akaponda kichwa cha kila kipande kikawa duara, akapima kila kichwa kwa punje halisi ya mtama aliyoiweka juu ya kitambaa cheusi.

Katika chumba cha nyuma, mkewe, Mama Salima, alizibua masikio yaliyofunga ya Nsimire na askari wenzake. Nilikaa nje ya pazia na nilisikia kila kitu.

“Colombe, unalia nini? Si ulipita Shabunda na bunduki?”

“Maman Salima, bunduki haikuwa inanichoma kwa sikio!”

“Tulia. Kama unaogopa sindano, mume wako amekuoa namna gani?”

Kicheko kililipuka, na nilijikuta nacheka peke yangu barazani, mtu mzima mwenye koti. Tundu la kushoto la Nsimire lilizibuka siku ya tatu. Alitoka amelishikilia pazia, akanionyesha sikio. Pande zote mbili vijiti vyake vya ufagio vilikuwa vimerudi.

Tarehe nane asubuhi, mawingu yalikuwa yameshuka juu ya ziwa kama yanavyofanya mwezi wa tatu, na jiji zima lilikuwa barabarani. Walimu, wauguzi, wachuuzi wa samaki, kila kundi katika kitenge chake, wakiimba juu ya sauti ya tarumbeta. Mimi na Gisèle tulijipenyeza hadi mstari wa mbele, mahali ambapo kikosi cha wanawake kilisimama kukaguliwa. Wanawake kumi na wanane, bereti zimelala upande mmoja, na chini ya kila bereti nukta mbili za rangi ya moto. Nsimire alisimama wa kwanza, kamanda wao.

Kanali alianza ukaguzi kutoka nyuma. Alipita polepole, Bisimwa akimfuata, akitazama masikio kana kwamba anasoma. Mmoja, wa pili, wa kumi. Gisèle alinibana mkono hadi ukafa ganzi. Alipofika kwa Nsimire alisimama. Akainama. Nilimwona akilitazama sikio la kulia, kisha la kushoto, kwa muda uliozidi wa wengine wote. Nikamwona akiinua macho kuelekea mbinguni. Akasema neno fupi karibu na sikio lake, uso wake haukuonyesha kitu, na wa Nsimire pia. Kisha akarudi nyuma hatua moja na kupiga saluti.

Tarumbeta zikalia. Nsimire akatoa amri kwa sauti ambayo sikujua anayo, na buti thelathini na sita zikapiga lami kwa pigo moja. Umati ukapaza sauti. Marcelline, aliyekuwa amekalia bega la ukuta wa duka, alikuwa akipiga vigelegele na kuonyesha mguu wake mtupu kwa watu wasiomjua: “Ile ni mguu yangu inapita! Muone! Mguu yangu!” Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Juma lililofuata kanali alitia saini waraka: kipini kimoja kila sikio, bapa, kisichozidi punje ya mtama. Barua yangu haikutajwa popote, na hivyo ndivyo ilivyostahili.

Mwaka mmoja baadaye nilipeleka mkufu wa Gisèle kwa Hadji Assani, nikamsifu kwa jozi zake kumi na nane. Akaweka chini patasi.

“Kumi na saba, Profesa. Bangili ilikuwa na ufa ndani, shaba ikapotea katika kuyeyushwa. Nilimwambia sajenti peke yake. Akaniomba ile punje niliyopimia na nyingine ya kufanana nayo, na Mama Salima akampa rangi ya kucha iliyofanana na shaba.”

Jioni ileile nilimfuata Nsimire ukutani. Hakukana. Alikuwa amepachika punje za mtama kwenye vijiti vya ufagio, akazipaka mara tatu, akasimama mbele ya kikosi.

“Na kanali? Alikwambia nini pale?”

Alishika ncha ya sikio lake la kushoto, akatabasamu.

“Aliniambia, ‘Sergent, omba mvua isinyeshe.’”