Mgeni Aliyetumwa Kukagua

Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kuchungulia. Mama alizoea kusema pua yangu huingia nyumbani kwa watu kabla sijapiga hodi, na hakunisingizia. Kwa hiyo mwaka ule wa mvua kubwa, kamati ya maafa ya chuo ilipokuwa ikigawa majukumu, mimi mwanafunzi wa mwaka wa pili niliomba kazi moja tu: kukagua uharibifu. Wengine walipewa huduma ya kwanza, wengine kutunza funguo, wengine kupeleka habari. Mimi nilipewa fomu, penseli na ruhusa ya kuingia vyumbani mwa watu. Nilifurahi mno, hata nikaona haya kidogo.

Chuo chetu kilikuwa nje ya mji na mabweni yalikuwa machache, hivyo baadhi ya wanafunzi walipangishiwa vyumba Kariakoo, upande unaoteremkia bonde la Msimbazi. Mto ulipofurika, sita kati yao waliokuwa kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane walihamishwa haraka, wakawa wanalala kwenye ukumbi wa mihadhara, juu ya madawati. Walishachoka, wanataka kurudi. Kama ningeandika kwamba nyumba ni nzima, wangerudi kulala jioni ileile.

"Andika unachokiona, Ndugu," mwenyekiti wa kamati aliniambia. Alikuwa mwalimu wa uhandisi, mtu wa kutembea haraka na kusema kidogo. "Unachoambiwa kiache hukohuko."

Nilishuka Posta nikaenda kwa miguu. Mtaa mzima ulikuwa na mstari wa tope ukutani, usawa wa goti, nyumba hadi nyumba, na magodoro yameanikwa kila penye jua. Nilitembea nikiufuata ule mstari kwa macho, najiuliza kwa nini hapa umepanda na pale umeshuka. Nilipofika kwa yule bibi, mstari haukuwapo. Ukuta ulikuwa mweupe pee.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu ndani. Ndiye mgeni wa chuo?"

Alinikalisha ukumbini, akaleta chai ya tangawizi na vitumbua. Nikauliza kama maji hayakuingia.

"Maji yaliingia kwa majirani. Hapa Mungu katusitiri. Kula kwanza, kazi haikimbii."

Nilikula. Kisha nikapita vyumba vya wanafunzi kimoja kimoja, na vyote vilikuwa vimefagiliwa, vitanda vimetandikwa, penseli yangu ikaanza kuandika "kizima" kwa raha zake. Ila pua yangu haikuridhika. Kulikuwa na harufu ya chokaa mbichi. Katika chumba cha mwisho niliweka kiganja ukutani, kikatoka cheupe na chenye ubaridi. Nikasukuma kidogo tu. Ukuta ukaenda.

Kipande cha udongo kikadondoka miguuni pangu, na ndani nikaziona fito zimelowa, hazina kinachozishika.

Nilimgeukia nikiwa nimekasirika. "Bibi, mbona umeficha?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Mjumbe wenu alikuja juzi kusema mgeni wa chuo anakuja. Mgeni anapokelewa kwenye tope? Tumekandika na kupaka kutwa nzima, mimi na wenzangu wa jirani, mpaka mikono ikachubuka."

Hasira ikaniishia. Sisi wenyewe, katika mpango wetu, tuliweka mtu wa kutangulia kutoa taarifa, tukadhani tumefanya la maana. Kwa watu wanaojua kupokea wageni, taarifa ile ilikuwa amri ya kufuta kila nilichotumwa kukiona.

Niliomba kuuona ukuta uleule kwa upande wa pili. Kilikuwa chumba chake mwenyewe. Kitanda chake kilikuwa kimeegemezwa hapohapo.

Jioni nilikabidhi fomu: imeharibika sana, wanafunzi wasirudi. Mwenyekiti alinisifu, akawatafutia wale sita mahali pengine. Nikamuuliza, na mwenye nyumba je? Akapekua orodha yake, ukurasa wa kwanza, wa pili. "Fomu ni ya wanafunzi," alisema. "Yeye hayumo." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasoma kilichoandikwa.

Nililala na kile kitanda kichwani. Kulipokucha nikarudi Kariakoo, nikamwomba bibi ahame chumba.

"Nimeingia humu nikiwa bibi harusi," alisema. "Nitoke kwa sababu ya mvua?"

Nikabembeleza. Nikamweleza habari za fito. Akanikatiza: "Wewe umetumwa, au umejituma?"

"Nimetumwa," nikasema, bila kupepesa macho. "Kamati imeagiza kitanda kihamishwe leo."

Alikaza kanga yake, akafikiri. "Kama ni kamati, haya. Shika huko miguuni."

Tulikihamishia chumba cha mbele. Siku ya tatu, alfajiri, yeye akiwa bado amelala chumba cha mbele, ukuta ulianguka kwa ndani ukafukia mahali palepale alipokuwa akilala.

Nilizijua habari hizo kutoka kinywani mwake mwenyewe. Alipanda mabasi mawili hadi chuoni, na buibui lake na kikapu cha vitumbua, akaingia katikati ya mkutano wetu. Alisema amekuja kuishukuru kamati kwa agizo lake la kitanda, kwani limeokoa roho yake. Mwenyekiti alisimama, akapokea shukrani kwa heshima zote, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akarudi, akainama sikioni mwangu.

"Kitanda gani?"

Nikamwambia yote, pamoja na uongo. Nilitegemea kufukuzwa kwenye kamati. Yeye akavuta ile orodha ya wanafunzi, akafungua kalamu na kupiga mstari chini ya jina la mwisho la wale sita.

"Tumwandike hapa. Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Wale sita walikuwa wamekaa kwake mwaka mzima, mimi nimekunywa chai yake, na sote tulimwita bibi tu. Nikatazama wenzangu mezani. Nao walikuwa wanatazamana.

Nikatoka mbio kuelekea kituoni, nikiomba basi lake liwe limechelewa.