Mistari Minne ya Viazi, Dundori

Chuo kikuu kinatambua ya kwamba elimu ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza haikomei darasani. Kinatambua pia kuwa mwanafunzi ana haki ya kutafuta, kupima na kujua mambo ambayo mhadhiri wake bado hayajui. Kwa hivyo kinaahidi, kupitia Mpango wa Watafiti Chipukizi, kwamba kila tokeo atakalolipata litapimwa kwa haki, litahifadhiwa, na litamfikia mwananchi. Haya yamo katika waraka wenye mhuri uliobandikwa kwenye mbao zote za matangazo, na pia kwenye mlango wa choo cha wanaume cha kitivo cha kilimo, ambako ulisomwa zaidi.

Walioomba walikuwa mia tatu na kitu. Waliochukuliwa walikuwa kumi na wawili. Cheruto, wa mwaka wa tatu, alikuwa wa tisa kwenye orodha. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaipiga picha kwa simu, akaenda kuisoma tena akiwa ameketi. Watatu watakaofanya vizuri zaidi wangepelekwa ng'ambo miezi mitatu, kwenye maabara ya utafiti wa viazi na mimea, na kurudi na barua ya kuingilia shahada ya pili.

Alikuwa mtu wa Olenguruone. Baba yake alilima viazi huko mpaka mnyauko ulipoingia shambani. Mmea unalala mchana kama uliochoka, jioni unainuka, siku ya tatu hauinuki. Ukikata kiazi kinatoa uteute mweupe. Ugonjwa huo ukishaingia udongoni hakuna dawa ya dukani inayoutoa. Mbegu iliyouleta ilinunuliwa ikiwa na cheti, na kwenye cheti kulikuwa na tarehe za ukaguzi na asilimia za usafi, zote zimejazwa vizuri na mtu ambaye, ilikuja kujulikana, hakuwahi kukanyaga shamba la mbegu. Baba alijaribu misimu mitatu zaidi, halafu akaacha kujaribu. Mama akateremka Naivasha kukata waridi kwenye shamba la maua. Kila alipopiga simu alisema msimamizi ameuliza tena yule msichana wake ataanza lini. Mama hakuwa mkatili. Alijua tu kwamba nafasi hazikai.

Kwa hivyo Cheruto aliuliza swali alilokuwa nalo tangu darasa la saba: je, viazi vikipandwa pamoja na vitunguu, mnyauko unapungua? Alihitaji shamba ambalo tayari lilikuwa na ugonjwa. Alilipata Dundori, kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Abby.

"Kama unatafuta shamba gonjwa, umefika," Mama Abby alimwambia. "Hata ungekuja mapema."

Walipanda mistari minane. Minne ilikuwa ya viazi peke yake. Minne, yaani wa pili, wa nne, wa sita na wa nane, ilichanganywa na vitunguu. Kila mstari ulikuwa na kigingi chenye namba ya rangi nyekundu. Kwa miezi minne Cheruto alikwenda Dundori kila Jumamosi, akahesabu mimea iliyolala na iliyosimama, akaandika. Mama Abby alimwita mwalimu, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. Kupima mazao kukapangwa Ijumaa.

Jumanne ilikuja habari kwamba kamati ya Mpango ingekagua shamba Alhamisi. Cheruto akapiga simu.

"Mama Abby, Alhamisi kuna wageni wanatoka chuo. Wanakuja kuona viazi."

"Wangapi?"

"Wanane na dereva."

"Ni wakubwa?"

"Naibu Chansela mwenyewe yuko."

"Sawa, mwalimu. Sitakuaibisha."

Cheruto aliridhika na jibu hilo. Alikuwa amekaa chuoni miaka mitatu, muda wa kutosha mtu kusahau maana ya kumwambia mama wa nyumba kwamba kuna wageni.

Alhamisi walikuta hema, viti vya kukodi kutoka kanisani, na hotpoti saba za chakula. Kulikuwa na mukimo wa viazi vilivyopondwa, viazi vya kuchemsha, viazi vya nyama, na viazi vya kukaanga kwa wale wasiopenda vya kuchemsha. Naibu Chansela alisema hajala chakula kama hicho tangu azikwe shangazi yake. Msimamizi wa Cheruto, Daktari Kiarie, aliongeza chakula mara mbili. Mpiga picha wa chuo alipiga picha. Hotuba zilipoisha mvua ilianza, na kamati ikaona kwamba shamba linaonekana vizuri tu kutoka kwenye hema. Kila mgeni alibebeshwa mfuko wa viazi, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu. Dereva alipewa miwili.

Cheruto alibaki. Alishuka shambani peke yake kwenye mvua. Mistari minne ilikuwa imefukuliwa yote. Vigingi vilisimama mahali pake, wima kabisa.

"Vigingi sikugusa," Mama Abby alisema nyuma yake. "Nilijua ni vya kazi."

"Mama Abby, hivi viazi viko wapi?"

"Si ndio mmekula."

"Mbona usingechimba vyako?"

"Vyangu vyote vimeoza. Hata nilijaribu hii mistari yako ingine, nikapata ule uteute. Ni hii tu ya vitunguu ilikuwa na viazi vya kupea mtu. Ulitaka nipee Naibu Chansela kiazi kimeoza, aseme Cheruto alimleta kwa nani?"

"Ulipima?"

"Kupima chakula ya wageni?" Mama Abby alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anahesabu meno ya wakwe zake.

Mama yake Cheruto mwenyewe angefanya vivyo hivyo, na angeanza kuchimba Jumatano asubuhi. Tena alikuwa amepewa tokeo, na lilikuwa lile alilolitaka. Mwanamke aliyechagua viazi vya wageni alikuwa amefanya ukaguzi mkali kuliko wa maabara yoyote. Kilichokosekana ni kilo.

Jumatatu Daktari Kiarie alimwita ofisini.

"Andika makadirio. Kilo kumi na mbili kila mstari. Mmoja uweke kumi na tatu, ukitaka ionekane kweli."

Cheruto alirudi na ripoti. Penye mistari minne aliandika: *Mazao hayakupimwa. Yaliliwa na kamati ya ukaguzi.*

"Hii sentensi siwezi kuipeleka," alisema Kiarie. "Atakayeisoma ndiye aliyekula."

"Lakini ni kweli, Daktari."

"Sijasema si kweli."

Usiku ule mwenzake wa kwenye Mpango, kijana aliyeitwa Travis, alijaribu kumsaidia.

"Cheru, jaza tu. Mimi nimehoji wakulima hamsini wa kule Bahati na Bahati yenyewe sijawahi shuka."

"Na wamesema nini?"

"Wako na changamoto."

Cheruto alicheka kidogo. Hakujaza. Hakumweleza Travis habari ya cheti cha mbegu, wala hakumweleza Kiarie. Ripoti ilirudi na neno moja kwa wino mwekundu: *Haijakamilika.* Waliopelekwa ng'ambo walikuwa watatu, na Travis alikuwa wa pili.

Msimu uliofuata Mama Abby alipiga simu.

"Sasa mwalimu, nipande na vitunguu ama?"

"Siwezi kukuambia, Mama. Sikupima."

"Hata sina mbegu. Vile vizuri vyote vilienda na wageni." Alikohoa. "Acha nipande nyasi ya ng'ombe."

Cheruto alimaliza masomo na digrii yake ni nzuri. Sasa yuko Naivasha, kwenye chumba baridi cha kupakia maua, anapima urefu wa mashina ya waridi kwa sentimita na kuandika. Msimamizi humsifu kwamba namba zake hazijawahi kukosea.

Mpango nao umetoa kijitabu kipya cha rangi. Kwenye jalada pameandikwa kwamba matokeo ya utafiti yanamfikia mwananchi, na chini yake Naibu Chansela ameketi chini ya hema, ameshika uma. Kiazi kilicho kwenye uma ni cha mstari wa pili, wa nne, wa sita au wa nane. Cheruto hawezi kusema ni wa ngapi, kwa kuwa vyote vilitiwa kwenye gunia moja.