Kadi Yenye Tundu la Panya

Majina yao siyaandiki, maana hata kuyatamka kunanichafua kinywa. Lakini kazi zao nitazitaja: mwalimu wa ngumbaru, naibu chifu, na shemeji yake naibu chifu mwenye duka pale Garsen. Wakisoma watajijua.

Mwaka ule mto Tana uliacha njia yake ukaja kulala nyumbani kwetu. Tukakimbilia sehemu iliyoinuka huko Minjila, na mtumbwi ukatuletea pakiti za vidonge: vya homa, na vya kusafisha maji ya kunywa. Aliyezileta alieleza mbio mbio, mvua inamchapa, akaondoka. Kitindamimba wangu akawaka moto. Tukazishika zile pakiti, watu wazima chungu nzima, na hakuna aliyejua ipi ni ipi. Tuliogopa kumpa sumu. Hatukumpa kitu. Mtumbwi uliporudi tulikuwa tumeshamzika.

Kwa hiyo maji yalipopungua, tukaambiwa kila kijiji kitapewa sanduku la dawa, na mtunzaji wake atakuwa yule anayeweza kusoma maandishi ya pakiti, nikasema mtu huyo ni mimi. Shule niliachishwa ningali mdogo nikafukuze ndege kwenye mpunga. Sikujali; ningesoma ukubwani.

Mwalimu wa ngumbaru alitukatia kadi za katoni ya sabuni. Upande mmoja mchoro, upande wa pili neno: HOMA, KUHARA, MTOTO, JIONI. Akija, anakuja kama mgeni, baiskeli yake inang'aa kuliko mafundisho yake, kisha anatuachia kadi tukariri wenyewe.

Tukakariri kwa kinu. Mimi na wifi yangu tulizoea kutwanga pamoja, michi miwili kinu kimoja, wa huyu ukishuka wa huyu unapanda. Tukachomeka kadi kwenye ukuta wa makuti mbele yetu. Sheria ni kwamba mchi ukipanda utazame kadi, na neno litoke kabla mchi haujatua. Ukichelewa, kadi inabaki pale pale ikuaibishe. Ukiwahi, inakwenda nyuma, inachomekwa nyingine.

"KUHARA!" Puu!

"JIONI!" Puu!

"Umechelewa, wifi," ananitania. "Unamuwaza kaka yangu?"

"Kaka yako nimuwazie nini, na ule mkoromo wake? Twanga!"

Tukimaliza, kadi zinapanda darini juu ya moshi, pamoja na mahindi ya mbegu, zisiharibiwe na unyevu. Watu wa mtoni kitu cha thamani tunakiweka hapo. Na hapo ndipo kosa lilipoingia. Moshi ukazipaka, mafuta ya samaki yakazidondokea, panya akaonja. HOMA ikawa na tundu la panya pembeni. MTOTO ikapata doa. JIONI ikajikunja kama sikio la mbuzi. Na sisi, bila kujua, tukaacha kusoma herufi, tukawa tunasoma tundu, doa na sikio.

Mwalimu alijua. Wifi alimwambia waziwazi, anacheka, "Mwalimu, hii mimi naijua kwa lile doa."

"Jibu ni jibu, mama," akasema yule mtu.

Jibu ni jibu! Kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Kuandika kadi nyingine safi kungemchukua muda gani? Badala yake akaleta wageni, akatusimamisha na kadi zetu zile zile, tukazitaja zote bila kukwama, na makofi akapigiwa yeye.

Siku ya mtihani afisa mmoja mwanamke alikuja kutoka Hola na kadi zake mwenyewe, nyeupe kama kanzu ya Idi. Akainua moja.

"Soma, mama."

Nikatafuta tundu la panya. Hakuna. Nikaigeuza kwa macho huku na huku. Hakuna.

"Usiogope, mama. Ni neno unalolijua."

Lilikuwa HOMA, niliambiwa baadaye. Kilichomuua mwanangu, nimekitwanga msimu mzima, na nisikitambue kilipovaa nguo safi. Nikamtazama mwalimu. Alikuwa anafuta chaki vidoleni.

Naibu chifu akacheka. "Si niliwaambia? Mikono ya jembe hii. Sanduku apewe mtu wa mjini anayejua kusoma."

Huyo mtu wa mjini akawa shemeji yake.

Zile kadi nilizitia mekoni mwenyewe, moja moja. Kisha nikaokota katoni nyingine, na kila aliyepita akiwa na elimu yake nikampa kalamu aniandikie neno lile lile. Fundi baiskeli akaandika. Mzee mmoja Muorma aliyetuletea maziwa akaandika naye, huku ananishangaa.

"Mama, neno moja, kijiji kizima kiandike? Una nadhiri?"

"Ninayo, mzee wangu."

HOMA nene, HOMA nyembamba, HOMA iliyolala ubavu. Kadi ikipata doa, mekoni. Nikaanza kuzikata: HO peke yake, MA peke yake, nikaziunganisha na vipande vya maneno mengine. Wifi aliniita mwendawazimu, lakini mchi wake ulikuwa unapanda na wangu.

Kisha mtoto wa wifi akashikwa na homa. Nikaenda dukani kwa yule shemeji wa naibu chifu. Akainama, akatoa pakiti chini ya meza, akataja bei. Nikaitazama. HOMA. MTOTO. Na chini yake, kwa wino mwekundu, neno ambalo halikuwahi kuwa kwenye kadi yangu yoyote. Nikaliokota kipande kwa kipande, kwa sauti.

"HA... I... U... ZWI."

Wateja wakageuka.

"Mama," akasema, "umekuja kununua au kusoma?"

"Vyote viwili."

"Basi rudisha." Akanyoosha mkono.

Aliyajua macho ya mtu aliyeacha mgonjwa nyumbani. Sikurudisha. Nililipa, nikanunua dawa yetu wenyewe kwa mwizi wetu, mbele ya watu, na hakuna aliyekohoa.

Mtoto alipona. Ile pakiti tupu nimeichomeka ukutani mbele ya kinu, na darini haipandi. Kila nikitwanga, naisoma kabla mchi haujatua.