Mabega ya Kunifikisha Lukole

Redioni wakianza kusema kwamba matibabu kwa kila mtu ni jambo gumu kwetu kwa sababu watu tumekuwa wengi, mimi huzima redio. Si kwamba nina elimu kuwazidi; darasa la saba ndiyo mwisho wangu. Ila mimi nimewahi kubebwa, na hao sidhani kama wamewahi.

Kwetu Keza, miaka ile ya wakimbizi, mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwa ngobyi. Ni machela iliyofumwa kama kapu refu, ina miti miwili ya kuweka begani. Wanaume wanne huibeba, wengine hufuata nyuma ili wawapokee wakichoka. Kila kilima kilikuwa na chama chake cha ngobyi, na nyumba isiyotoa mbebaji haikubebewa mgonjwa wake. Mwenyekiti wa chama chetu alikuwa baba mkwe wangu, mzee wa maneno machache na misimamo mingi.

Kambi ya wakimbizi ya Lukole ilipojaa, baadhi ya Warundi walikuja kulima vibarua kilimani kwetu, wakajenga vibanda pembeni ya migomba. Mmoja wao akaja kuomba waingie kwenye chama. Baba mkwe alikataa.

"Ngobyi ni moja," alimwambia. "Tukiwaingiza nyote, kila siku tutakuwa njiani. Tutalima lini?"

Nisiwe mnafiki, nilimuunga mkono. Watu wale walikuwa wamekata miti yetu mpaka mahali nilipookota kuni tangu niolewe pakabaki visiki. Niliwachukia kwa moyo wangu wote, na Jumapili nilikwenda kanisani kukomunika bila wasiwasi.

Lakini kambi iliyoleta watu ilileta na hospitali, yenye madaktari na chumba cha upasuaji, na sisi wenyeji tulitibiwa bure. Ilileta na vibarua. Vijana wetu, mume wangu akiwemo, walikwenda huko kulinda maghala na kupakua magunia ya mahindi. Siku za kazi kilima kilibaki na wanawake na wazee.

Uchungu wa mtoto wangu wa kwanza ulinianza Jumanne asubuhi. Hadi jua la utosini mtoto hajatoka. Mkunga akanipapasa tumbo, akanawa mikono, akasema mtoto amekingama tumboni na yeye hapo hana la kufanya. Nipelekwe Lukole.

Baba mkwe aliita kilima kizima. Wakaja watatu: wazee wawili, na mwingine aliyekuwa akichechemea. Wa nne akawa yeye mwenyewe. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawakaribiani. Miaka miwili nilikuwa sijampa hata sahani mkononi. Siku ile kichwa chake kilikuwa karibu na nyayo zangu, na hakuna aliyejali.

Tukaondoka, mkunga akifuata nyuma. Hatukufika mbali. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni walinitua mara ya kwanza, kisha ya pili, kisha nikaacha kuhesabu. Nilisikia pumzi zao zinavyokwaruza. Niliogopa sana. Nilijua hospitali ipo, daktari yupo, na mimi nitafia njiani na mtoto wangu kwa kukosa watu.

Ng'ambo ya mto tukakutana na msururu wa wakimbizi wamejitwika kuni. Kuni za kilima chetu. Nilisubiri ugomvi, lakini baba mkwe hakuwa na pumzi ya kugombana. Mwanaume wa mbele akauliza kwa Kirundi, ambacho kwa sisi Wahangaza ni kama lugha ya nyumbani, kama ni uzazi. Mkunga akaitikia. Mizigo ikatuliwa chini, na miti ya ngobyi ikachukuliwa kutoka mabegani mwa wazee.

Hawakufundishwa. Kumbe kwao nako hubeba vilevile. Mmoja alikuwa akisema "hindura," yaani badilisheni, na mabega yakabadilishana bila mimi kutikisika. Mlima wa mbele, ambao wazee wangu wasingeuweza, wao waliupanda mbio. Waliokuwa mashambani wakaona, wakaacha majembe, wakajiunga. Mimi niliona mbingu tu, na nyuso nisizozijua zikipokezana.

"Mzee, tembea taratibu," mmoja alimtania baba mkwe. "Usituletee mgonjwa wa pili."

Mzee akacheka. Ningekuwa na nguvu ningewazaba makofi wote wawili.

Nilipasuliwa, akatoka msichana, mzima. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungempoteza. Nikalia. Nililia kwa furaha, na nililia pia kwa aibu, nikikumbuka matusi niliyowatupia wale watu kwa ajili ya kuni.

Jumapili baada ya misa chama kilikaa. Baba mkwe akasimama, akasema Warundi wanaoishi kilimani waingizwe.

"Si wewe mwenyekiti uliyetuambia wakiwa wengi tutachoka?" mtu akamuuliza.

"Nilisema. Tulipokuwa wanne nilichoka kabla ya mto. Tulipokuwa ishirini mti sikuushika tena."

"Na ngobyi ikichakaa?"

"Tutafuma nyingine. Mikono ya kufuma imeongezeka."

Walio wengi wakakubali. Wengi wape, akasema yule mpinzani, akaketi. Ugomvi wa miti haukuisha, na mimi mwenyewe niliendelea kuwafokea wanawake wa kambini visikini. Lakini zamu za ngobyi zilipangwa upya, na Warundi walishika zamu zao.

Wakati wa kuvuna maharage, nikiwa shambani na mwanangu mgongoni, ngobyi ilipita kwa kasi kuelekea Lukole. Mume wangu alikuwa mbele, bega kwa bega na Mrundi nisiyemfahamu, na nyuma yao kundi zima. Nilikimbilia njiani nimwone mgonjwa, nikakuta amefunikwa kanga mpaka usoni.

Jioni mume wangu alirudi bega limevimba. Nikamletea maji ya moto, nikamuuliza walimbeba nani, wa kwetu au wa kambini.

Akasema hakukumbuka kuuliza.