Siku Tulipozima Kompyuta Zote

Siku ile tulikuwepo mkuu wa ofisi, ambaye ni mama mtu mzima mwenyeji wa Kagera, pamoja na mhasibu, katibu muhtasi, fundi wa kompyuta, na mimi mfagizi na mpika chai. Mdogo wangu wa mwisho hakuwepo, alikuwa shule ya bweni Kondoa, lakini jambo lenyewe lilikuwa lake.

Zamani, kabla sijaajiriwa pale, watu wa mradi wa ofisi hiyo walikuja kwetu Bahi wakamrekodi mama yangu akieleza habari za mpunga. Sauti yake ilikaa kwenye folda ya pamoja, ndani ya seva ya ofisi. Mama alifariki mwaka uliofuata, baba akiwa ameshatangulia. Niliacha shule darasa la sita nilee wadogo zangu. Huyu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Sauti ya mama haijui. Nilimwahidi ataisikia akija likizo. Simu yangu ni ya kitochi, haiwezi kubeba kitu kama hicho, basi nikaiacha hukohuko. Niliamini kilicho ofisini hakipotei.

Seva ilipojaa, katibu akafuta folda za miradi iliyokwisha. Ya Bahi ikaenda nazo.

"Si iko kwenye pipa la taka?" akauliza.

"Ukifuta kwenye mashine yako, ndiyo," fundi alijibu. "Kwenye seva yetu hakuna pipa. Na nakala za akiba ziligoma diski ilipojaa." Alisema huenda sauti bado imo, mradi mtu asihifadhi kitu kipya juu yake.

Ilikuwa wiki ya bajeti.

"Kwa hiyo tukunje mikono," mhasibu alisema, "wakubwa wangoje, kisa habari za mpunga?"

"Ni mama yake," katibu akasema, machozi yakimlenga.

Mkuu alinitazama. "Zimeni zote."

"Mama, nitaulizwa!" mhasibu alisema.

"Sema ni mimi."

Mhasibu akazima, akanigeukia. "Dada, leo chai isiwe maji ya moto tu."

Faili zilirudi bila majina, namba tupu. Ofisi nzima Kigogo, lugha ya kwetu, nilikijua peke yangu, kwa hiyo nilisikiliza moja baada ya nyingine: wazee, wajane, mtu anakohoa. Wengi wao tumeshawazika. Jua lilikuwa linashukia upande wa Zuzu, nje ya mji, nilipomsikia mama. Anapepeta huku akieleza jinsi majaruba ya mpunga yalivyokauka. Mtoto analia. Mama anaita, nileteeni huyo mtoto, na sauti ndogo inaitika. Ilikuwa yangu. Hapo inakatika. Kilichobaki, fundi alisema, kilishafunikwa na kitu kingine.

Mkuu alikuwa mlangoni. "Anasema nini?"

Niliinuka nikachukua ufagio.

"Basi. Utaniambia siku ukiweza."

Bajeti ilichelewa. Kabla ya mvua mkuu akahamishiwa mbali, na sababu hatukuambiwa.

Mdogo wangu ameisikia. Hufika pale mtoto anapolia, akairudisha nyuma.

Mkuu nampigia sikukuu zikifika. Shikamoo, marahaba, wadogo zako hawajambo? Kisha anangoja, ndipo anakata simu. Bado sijamlipa lile jibu.