Pistoni Kumi na Moja za Mwalimu Gregori

Mwalimu Gregori hakuwa mtu wa kukaa kitako. Akisahihisha madaftari ya hesabu, mguu mmoja ulicheza chini ya meza. Akila, jicho lilikuwa uani. Huko uani, nyuma ya nyumba ya serikali aliyopewa alipohamishiwa Nachingwea kutoka Mahenge, alikuwa amejenga tanuri kwa nusu pipa lililokandikwa ndani kwa udongo wa kichuguu. Alilipuliza kwa feni aliyoiunda kutokana na gurudumu la baiskeli, akayeyusha alumini na kuimimina katika kalibu za mchanga. Hakuna aliyemtuma. Shahada yake ya chuo kikuu aliipata kwa kalamu, na kadiri alivyozidi kuukaribia umri wa miaka hamsini ndivyo alivyozidi kushuku kwamba mikono yake haikujua kitu.

Alikwisha kumimina vishikio vya milango, kifuniko cha pampu, hata mguu wa cherehani ya jirani. Lakini alichokitamani hasa ni mashine ya kukerezea vyuma, aimimine mwenyewe kipande kwa kipande. Kwa ajili hiyo alikuwa na pistoni kumi na moja, alizozifungua moja moja kutoka katika mabaki ya matrekta ya mradi wa karanga, yaliyoachwa na Waingereza yakaliwa na kutu. Alizihifadhi ndani ya debe, chini ya kitanda.

"Baba Felomena," mkewe Domitila alimwambia, "wenzio wanaficha sukari uvunguni, wewe unaficha vyuma vya mkoloni."

Ilikuwa mwaka 1982, na sukari kweli ilifichwa. Vipuri ndivyo havikuwapo hata vya kuficha. Kwa hiyo puli ya kuzungushia mkanda wa mashine ya kusaga ya ushirika wa akina mama wa kijiji cha Mtua ilipopasuka, hapakuwa na mahali pa kununua nyingine. Muhogo ulirudi kwenye vinu, na wasioweza kutwanga waliubeba kichwani hadi mjini. Ndipo mwenyekiti wao, Bi Rabia, alipofika uani kwa Gregori na vipande vya puli ndani ya kapu.

"Mwalimu, tumesikia wenzako wanapika kwenye sufuria, wewe unapika sufuria yenyewe."

Gregori alicheka, akaunganisha vipande, akapima. Alijua palepale kilichohitajika. Alumini ya sufuria ni laini. Ya pistoni imechanganywa ikawa ngumu, kwa kuwa imezaliwa kukaa ndani ya moto na mapigo. Alilisoma hilo kitabuni, na tupa yake ilimthibitishia. Puli ile ingemeza pistoni zake karibu zote.

"Inawezekana," alisema. Kisha, kabla hajajizuia: "Leteni masufuria yaliyotoboka."

Usiku ule alijiambia kwamba kusaga muhogo si sawa na kuendesha trekta. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu aliyeamini anachokisema.

Masufuria yalikuja, mengine yakiwa na alama iliyochorwa kitakoni ili mwenyewe asiibiwe msibani. Gregori aliyeyusha, akaengua taka, akamimina. Puli ilitoka inang'aa. Mtua walipoifunga walipiga vigelegele, na mama mmoja akaionyesha kwa kidole: "Pale palipo peupe ndipo nilipopikia maharage ya ubarikio!"

Siku ya tatu tundu la katikati lilitanuka kama kibuyu kibovu. Puli ikayumba, mkanda ukachomoka na kumchapa begani Bwanali, mwendesha mashine.

"Usinitazame hivyo, Mwalimu," Bwanali alimwambia Gregori alipokwenda kumpa pole, bega likiwa limevimba. "Beberu la mama mkwe lilinipiga zaidi."

Laiti angemtukana. Gregori alirudi darasani akaandika ubaoni hesabu ileile mara mbili, wanafunzi wakainakili mara mbili bila kuuliza. Hilo nalo likamkera. Alipanga jambo ambalo lingeonekana jema: amimine puli nyingine kwa pistoni, aipeleke Mtua, aseme safari hii amebahatika kupata chuma bora. Asingekuwapo wa kumsuta. Hata hivyo zikapita siku nne debe halijatoka uvunguni, na kila siku alijua kwamba kuna mtu njiani amebeba muhogo.

Siku ya tano alilitoa. Alikuwa akizivunja pistoni kwa nyundo, zikipasuka na kuonyesha chembe za kijivu, Bi Rabia alipoingia bila hodi. Alizitazama.

"Hizi ndizo zenyewe?"

"Ndizo."

"Umezipata leo?"

Neno moja tu, "ndiyo", lilitosha. Gregori alilihisi limekwisha kufika ulimini.

"Ninazo mwaka wa tatu, Bi Rabia. Nilizitaka mwenyewe."

Bi Rabia aliiokota puli ya masufuria iliyoharibika, akabonyeza ukingo wa tundu lake kwa ncha ya nyundo, ukabonyea.

"Tulijua," akasema hatimaye. "Sufuria ikianguka inabonyea, nani asiyejua? Tulisemezana njia nzima. Lakini Mwalimu wa chuo kikuu akisema leteni sufuria, sisi wa Mtua tumwambie hapana?"

"Mngeniambia."

"Na wewe ungetuambia."

Bi Rabia alikunja kanga, akakaa kwenye kigogo, akashika mpini wa feni. Alizungusha mpaka jasho likamtiririka, asikubali kupokewa, huku Gregori akiongeza mkaa na kutumbukiza pistoni. Kumi ziliingia. Ya kumi na moja aliishika kitambo, kisha nayo akaitumbukiza, ingawa haikuhitajika.

Puli ile haikung'aa. Ilikuwa ya kijivu, yenye vitundu kama uso uliougua ndui. Alilikwangua tundu kwa tupa siku mbili, na ilipofungwa Mtua, Bwanali alisimama hatua kumi mbali kabla ya kuagiza injini iwashwe. Mkanda ulikaza. Unga ukaanza kushuka. Hapakuwa na vigelegele. Kila mtu alikuwa akisubiri.

Ilizunguka mpaka jioni. Bi Rabia alimfungia Mwalimu unga kwenye kitambaa, akampakilia kwenye baiskeli.

"Jumamosi uje uisikilize," alimwambia. "Na Jumamosi nyingine."

Alikwenda. Alikwenda kila Jumamosi kwa miaka miwili, hadi alipohamishiwa Ruangwa, ingawa puli haikuwahi kudai hata kukazwa nati. Kila alipoikaribia Mtua alishuka kwenye baiskeli kabla ya nyumba ya kwanza, akashika breki na kuzuia pumzi, mpaka asikie mashine inasaga.