Pete ya Televisheni na Shemeki wa Beni

Fundi wa televisheni wa mtaani kwetu, hapa Butembo, alinipa pete nyeusi aliyoing'oa nyuma ya kioo cha televisheni ya zamani, akasema, "Papa, kamata hii, itatumika tu." Ningepaswa kumrudishia palepale. Badala yake niliitia mfukoni, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Nilikuwa natafuta kitu cha kutengenezea balun, kifaa kidogo cha antena. Naongea kwa redio yangu mwenyewe, ile tunayoiita foni, kwa kupenda tu. Waya wa antena ulikuwa juu ya mikaratusi nyuma ya kanisa. Padri aliniruhusu kwa sababu zamani niliendesha foni ya parokia. Kutoka huko nyaya mbili zilishuka hadi nyumbani, kwenye kisanduku cha kulinganisha redio na antena. Hizo nyaya mbili ni sawa kabisa, lakini redio ina upande mmoja uliofungwa udongoni, na balun hukaa katikati kuzipatanisha. Ikiwa mbaya, nguvu ya redio hurudi juu ya kebo na kwenda kutembea kwa majirani.

Upande wa pili wa mawimbi, kule Beni, commune ya Beu, alikuwa shemeki yangu, mume wa marehemu dada yangu. Tangu tulipomzika dada, na barabara ikiwa jinsi ilivyo, foni ndiyo iliyoendeleza ushemeki wetu. Kila asubuhi tulitukanana kwa raha, jinsi mashemeki wanavyopaswa. Simu haifai: kwa simu anageuka mutu wa heshima, anauliza habari ya magoti, anakata.

"Shemeki," aliniambia, "sauti yako iko kama ya mbuzi ndani ya mufuko. Nitakutumia pete mbili za muzuri. Unazungusha kebo ndani, inafunga njia ya ile nguvu inarudia kwako. Hapana fanya haraka, ngoja camion ya mizigo."

"Nitangoja mpaka lini? Camion yenu inakuja na miguu!"

"Ngoja tu. Lakini wewe, hata siku ya ndoa yangu ulikula mbele ya bibi-arusi."

Nilijua ana haki. Zipo balun za namna mbili: moja hugeuza vipimo tu, nyingine hufunga mlango. Mimi nilihitaji ya kufunga mlango. Lakini kupokea pete za Beni kulikuwa kumpa shemeki utani wa miaka yote iliyobaki. Nikazungusha waya kwenye pete ya televisheni, nikatengeneza ile ya kugeuza vipimo, nikaifungia ndani ya kopo la maziwa.

Nilipojaribu, maikrofoni iliniuma midomo. Balbu ya sebuleni iliwaka yenyewe kila nilipotamka neno. Mtu mwenye akili angezima. Mimi nilimwita mke wangu aje aone nguvu niliyo nayo.

"Hiyo nguvu imuguse kuku wangu moja tu," alisema, "utalala inje."

Jumapili nikajifanya mgonjwa wa goti. Mke wangu alikwenda misa akiwa amevaa kitenge cha chama cha akina mama, akaketi safu ya mbele. Mimi nikawasha foni.

"Shemeki, leo unanisikia namna gani?"

"Eeh! Kama uko ndani ya chumba yangu! Hauko ku misa?"

"Goti linaniuma mpaka misa iishe. Padri wetu akianza mahubiri, unaweza kupika maharagi magumu ya Musienene, yakaiva, ukala, ukapika ingine. Na mukubwa wa waimbaji, yule anaimba kama mulango bila mafuta..."

Redio yangu ni ya kizamani: sauti yake ikiingia mahali haikualikwa, husikika maneno mazima. Nguvu iliyorudi ilitembea kwenye zile nyaya zinazoshuka nyuma ya kanisa, ikapita ukutani na kuingia kwenye nyaya za vipaza sauti. Mke wangu alinisimulia kwamba padri alikuwa ametamka tu, "Tumsikilize Bwana," nami nikauliza, "Leo unanisikia namna gani?" kisha nikaingia habari za goti. Shemeki hawakumsikia, walinisikia mimi peke yangu, nikijichekea, hadi kwenye mlango bila mafuta.

Padri alicheka mpaka akashika altare. Mkubwa wa waimbaji hakucheka, naye ni mjumbe wa baraza la parokia. Waliushusha waya wangu wote. Sasa umefungwa kati ya nguzo mbili, wanaanikia kanzu za waimbaji. Kutundika mwingine sehemu ya wazi, siku hizi za vita, ni kujitafutia maswali ya askari. Na uani kwangu kumebanwa na kilima.

Pete za Beni zilifika baadaye, ndani ya gunia la mchele. Nzuri sana. Ziko kabatini.

Nimetandaza waya mfupi chini ya dari. Unatosha kusikia, hautoshi kufika Beni. Shemeki amepata mwenzake wa asubuhi, mzee mmoja wa kule Kipese, asiyejua kutukana. Anajibu "asante" kwa kila kitu. Juzi shemeki alimwambia, "Zamani niliongea na mbuzi moja wa Butembo," kisha akaachia nafasi, kama anayengoja jibu.

Nilishika maikrofoni na kumjibu vizuri sana. Balbu haikuwaka.

Pete ile ilinigharimu hivi: shemeki yangu yuko hai, namsikia kila asubuhi, na yeye hanisikii.